Sauti Iliyoitika kwa Jina la Namsifu

Msichana mmoja alianguka korongoni, kwenye mlima huu huu ulio juu yetu, na mwalimu wake hakumtafuta. Hakumtafuta kwa sababu kila alipoliita jina lake, jina liliitikiwa.

Aitikiwaye hatafutwi. Methali hii ilianza hivi, na haikuanza enzi za mababu kama mnavyodhani. Ilianza nikiwapo.

Nawaambia kwa sababu mmeniuliza. Asubuhi hii tulipokusanyika kwa msaragambo wa kuzoa tope la ndiva, msimamizi aliita nyumba ya kwa Mgonja, iliyodaiwa watu wawili, na wewe Eliamani ukaitika mara mbili. Mara ya kwanza kwa sauti yako, mara ya pili kwa sauti nene ya kaka yako, ambaye kijiji kizima kinajua bado amelala. Shangazi Nakunda akasimamisha jembe lake akasema, "Eliamani, aitikiwaye hatafutwi." Watu wazima wakacheka, kisha wakanyamaza. Ninyi mlicheka tu bila kujua mnacheka nini. Sasa kaeni. Lakini naweni kwanza, uji haunywewi na tope.

"Mjomba, hiyo ni methali ya vitabuni?"

Vitabu sivijui vizuri, niliacha shule darasa la tano. Kama imo vitabuni, basi aliyeiandika aliichukua hapa.

Kwanza mkumbuke jinsi tunavyoishi, maana mtu husahau kile anachokiona kila siku. Maji ya mashamba yetu yanatoka mlimani kwa mfereji, yanajaa ndani ya bwawa letu, hiyo ndiva, kisha kila nyumba inafunguliwa kwa zamu yake. Mfereji ukiziba au ndiva ikijaa tope, pembe inapigwa. Kila nyumba itoe mtu wa kazi ya pamoja, ndio msaragambo. Msimamizi anaita nyumba moja moja, na nyumba isiyoitika inakosa zamu ya maji. Ndiyo sheria, na ni sheria nzuri. Lakini watu wakaiwekea mlango wa nyuma. Jirani akiwa amelala na pombe ya jana, au amekwenda gulioni, unamwitikia. "Yupo!" Kesho naye atakuitikia wewe. Msimamizi alijua, ila alijifanya kiziwi, maana na yeye alikuwa na majirani. Tuliuita wema. Mtoto aliyefungwa mgongoni kwa mama yake aliusikia wema huo kabla hajajua kutembea, na alipopelekwa shule alikwenda nao.

Mwalimu Likwata hakuyajua hayo. Alikuwa mtu wa Kusini, huko ambako ukitaka kuona mbali unapanda mti, na serikali ilimleta kwenye sekondari yetu kufundisha jiografia. Akaupenda mlima kama mtu anavyompenda mchumba. Siku moja akaita wazazi akasema anataka kuwapandisha watoto wa kidato cha kwanza hadi kwenye uwanda wa juu, walale huko chini ya turubai, asubuhi wafike kileleni, kisha washuke.

"Mlima tunauona kila siku," akasema Mzee Kajiru, ambaye binti yake Namsifu alikuwa katika kidato hicho. "Wanakwenda kuona nini?"

"Mnauona mkiwa chini," mwalimu akamjibu. "Nataka wao wawaone ninyi wakiwa juu."

Wazazi walicheka wakakubali. Wakatoa unga, maharage, ndizi na chumvi. Mimi nilikuwa kijana mwenye mgongo mzuri na sina shule, kwa hiyo nikapewa masufuria na turubai nibebe. Kazi nyingine yangu ilikuwa kusonga ugali.

Tulipoondoka, mwalimu aliwapanga watoto mstari akawaambia: "Kila tukipumzika nitaita majina. Mkiwa pungufu hata kwa mmoja, safari imekwisha. Tunageuka wote, tunarudi nyumbani."

Alisema hivyo kwa kuwapenda. Alitaka kila mtoto amlinde mwenzake. Lakini mtoto wa miaka kumi na minne ukimwambia hivyo, hasikii kwamba amlinde mwenzake. Anasikia kwamba asionekane mtu amepungua.

Walikwenda vizuri. Waliimba, wakarushiana matusi ya kitoto, wakanicheka mimi na masufuria yangu yaliyokuwa yakigongana kama kengele ya ng'ombe. "Kaka, pita mbele, chui wakusikie wakimbie!" Tulipumzika mara ya kwanza kwenye jiwe kubwa karibu na mianzi. Jua lilikuwa kali, watoto wakavua masweta. Majina yakaitwa, wote wakawapo kweli. Tukaendelea hadi kijitoni, mahali penye mawe ya kuvukia, na hapo ndipo Namsifu alipojigusa kiunoni.

Maneno waliyosemezana hapo niliyapata baadaye kwa Nakunda mwenyewe, na hajawahi kuyapunguza hata siku moja.

"Shangazi Nakunda huyu huyu?"

Kuna mwingine hapa kijijini? Huyu huyu. Alikuwa mwembamba kama ufito na mdomo wake ulikuwa haupumziki. Yeye na Namsifu walikuwa kama kidole na ukucha.

"Nakunda wee! Sweta!"

"Sweta gani?"

"La kaka Mbazi. Nililifunga kiunoni, nikalivua kule jiweni."

"Liache, tutalichukua kesho tukishuka."

"Kesho wachoma mkaa watakuwa wameshalivaa. Mama kaniambia nisirudi bila hilo sweta. Nirudi bila kichwa, afadhali."

"Basi mwambie mwalimu."

"Nimwambie atugeuze? Hawa wenzetu wataniacha hai? Nakimbia mara moja, nawakuta njiani. Niitikie."

"Nikuitikie kwa sauti gani? Wewe unaongea kama kifaranga."

"Basi lia kifaranga," akasema Namsifu, akacheka, akarudi nyuma mbio.

Mwalimu alikuwa katikati ya maji akimshika mkono mtoto aliyeogopa kuvuka. Aliita majina huku amewapa mgongo. Alipofika kwa Namsifu Kajiru, Nakunda akalia kifaranga: "Nipo!" Waliokuwa karibu wakaziba midomo. Hata mimi nilisikia kicheko, nikadhani ni cha utoto tu.

Tukapanda. Na mlima wetu mnaujua: jua likikuchekea asubuhi, mchana ukungu unakulipa. Ulishuka mweupe, mzito, ukaingia katikati ya watu. Nilikuwa nikiona visigino vya aliye mbele yangu, basi. Mwalimu akasimamisha mstari penye mti mkubwa ulioanguka, njia inapopinda juu ya korongo, akaanza tena kuita. Safari hii hata angegeuka asingeona sura ya mtu. Alibaki na masikio tu.

Nakunda alitazama nyuma. Ukungu. Alisubiri asikie miguu ikikimbia. Hakusikia. Majina yalikuwa yakija, moja, jingine, jingine, kama maji ya mfereji yanavyolijia shamba lako na wewe hujatengeneza matuta.

"Namsifu Kajiru!"

Mvulana aliyesimama nyuma yake akamfinya. "Itika basi! Unataka tugeuzwe?"

"Nipo!" akasema Nakunda.

Mara ya kwanza aliitika kwa urafiki. Mara ya pili aliitika kwa woga. Tofauti hiyo alinieleza yeye mwenyewe, na mimi nawapa bure.

Mwalimu akasema vizuri, twendeni, imbeni ili tusipoteane. Watoto wakaimba kwa nguvu.

Tulipofika uwandani nilifunga turubai, nikawasha moto, nikabandika maji ya ugali. Mwalimu mwingine aliyekuja nasi, Madamu Eliwaza, akawakusanya wasichana wakauke. Watoto walikuwa wamechoka na wenye furaha. Bado kulikuwa na mwanga, ingawa ukungu ulikuwa umeugeuza kama mwanga wa ndani ya nyumba. Mwalimu Likwata akaja karibu na moto, akasugua mikono, akaanza kuita kwa mara ya mwisho ya siku ile. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa anaita kama mtu anayefunga mlango ambao anajua umeshafungwa.

"Namsifu Kajiru."

Kimya.

"Namsifu Kajiru!"

Nilimwona Nakunda akifungua mdomo. Wenzake walikuwa wakimtazama, na yule aliyemfinya alikuwa anamkonyeza. Alifunga mdomo, akaufungua tena.

"Hayupo, mwalimu."

"Amekwenda wapi? Chooni?"

"Hayupo."

"Nakunda!" mtoto mmoja akanong'ona kwa hasira. "Unatuharibia!"

Mwalimu akamwendea. "Hayupo tangu lini? Pale kwenye mti ameitika. Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Nimeitika mimi."

"Na kijitoni?"

"Mimi pia."

Mwalimu alimtazama. Tulingoja ampige kofi. Zamani zile mwalimu hakuulizwa kwa sababu ya kofi. Hakumpiga. Alichutama, uso wake ukawa sawa na wa Nakunda, akasema polepole sana: "Alikwenda wapi?"

"Kuchukua sweta. Jiweni. Alisema anatukuta."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Nakunda akaanza kulia. "Ulisema tutageuka wote, mwalimu."

Mwalimu alishika kichwa kwa mikono miwili, kidogo tu, kisha akainuka. Akamwambia Madamu Eliwaza abaki na watoto, asiondoke hata mmoja, na awahesabu kwa kuwagusa vichwa. Akavuta turubai nililokuwa nimelifunga, pamoja na kamba zake, akalitupa begani. Akamshika Nakunda mkono, maana ndiye pekee aliyejua walipoachana. Mimi akaniambia: "Shuka. Pita njia ya mkato. Mwambie baba yake, na mpige pembe."

Niliacha ugali motoni. Sikushuka, nilianguka tu mlima mzima nikiwa nimesimama.

Kijijini ilikuwa zamu ya maji ya Mzee Kajiru. Kiangazi kilikuwa kimekaza, maharage ya upande wa chini yalikuwa yametoa maua na yanangoja maji yao kesho yake. Mlango wa ndiva ulikuwa wazi, na yeye alikuwa shambani anayaongoza maji kwa jembe. Nilipomwambia hakuuliza swali. Aliliangusha jembe palepale, akapanda nami kwenye kilima cha pembe. Hakuna aliyekumbuka kuufunga mlango wa ndiva. Yeye hakukumbuka, mimi sikukumbuka, na waliotukimbilia baada ya pembe kulia waliyaruka maji hayo wakayaacha nyuma yao.

Watu walikuja na majembe, wakidhani mfereji umebomoka. Mzee Senkondo, msimamizi wa wakati ule, akawaeleza kwa maneno machache. Kisha akafanya alichokijua: akaanza kuita nyumba ili awagawe. Nyumba za juu zitafuata njia ya mianzi. Nyumba za kati zitakwenda upande wa wachoma mkaa. Nyumba za chini, ambazo ni nyingi, zipewe korongo, maana korongo ni refu na lina mapango na linataka watu wa kujipanga.

"Kwa Mshana!"

"Yupo!"

"Kwa Mmbaga!"

"Yupo!"

"Kwa Sekimanga!"

"Nipo!"

Zikaitika zote. Mzee Senkondo akasema, "Haya, korongo lina watu wa kutosha. Nendeni."

Mimi na Mzee Kajiru tulitangulia mbio. Tulipofika kwenye mdomo wa korongo aligeuka awapange watu. Nyuma yetu alikuwapo Mzee Sekimanga peke yake, anahema, anajiegemeza kwenye fimbo.

"Wako wapi wengine?" akauliza Mzee Kajiru.

Mzee Sekimanga akatazama nyuma kana kwamba na yeye anawatafuta.

"Kwa Mshana wameitika. Yuko wapi Mshana?"

"Mshana... Mshana alishuka mjini Same juzi."

"Nani aliyemwitikia?"

"Mimi."

"Na kwa Mmbaga?"

"Ana homa, masikini."

"Nani aliyemwitikia Mmbaga?"

Mzee akainamisha kichwa.

"Umeitikia nyumba ngapi, ndugu yangu?"

"Kajiru, mimi ni mazoea tu. Niliposikia majina nikaitika. Nilisema wasije wakakosa maji."

Vijana, nimeona watu wakipigana kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Mzee Kajiru alimtazama yule mzee, akatazama korongo limejaa ukungu hadi ukingoni, na mwanga unapungua. Juu kule alikuwa na binti, na alikuwa amepewa watu ambao hawapo.

Hakupigana. Alisema, "Basi macho hatuna ya kutosha. Tutatumia masikio. Tunaita mara moja, tunanyamaza. Na leo, mzee, nakuomba kwa Mungu: nikiita jina la mwanangu, asiitike mtu yeyote ila yeye."

Tukaingia. Anaita, "Namsifuuu!" kisha tunasimama hata pumzi tunaibana. Maji ya chini ya mawe. Ndege. Hakuna. Tunasonga. "Namsifuuu!" Tunasimama. Mzee Sekimanga alikuwa ameshika mdomo wake kwa kiganja, kama mtu anayeogopa utatoroka. Leo mnaweza kucheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

Kutoka juu, upande wa njia, tukasikia sauti nyingine ikiita jina lile lile. Ni mwalimu. Naye alikuwa anaita na kunyamaza. Baba chini, mwalimu juu, mmoja anaita mwenzake anasikiliza. Tulikwenda hivyo hadi chini ya mahali ambapo ule mti mkubwa umeanguka juu njiani.

"Namsifuuu!"

Tukanyamaza.

"Nipo."

Ilikuwa ndogo sana. Mzee Kajiru alimgeukia Mzee Sekimanga ghafla, karibu amkabe, na mzee akatikisa kichwa kwa nguvu, kiganja bado mdomoni: si mimi, si mimi!

"Nipo, baba. Nipo hapa."

Nimesikia watu wakisema "nipo" maisha yangu yote. Nimeisikia shuleni, kwenye msaragambo, kanisani wakati wa kupanga kwaya. Sijasikia nyingine tamu kama ile. Mzee Kajiru aliketi chini kwenye maji, akiwa na suruali yake na viatu, akacheka kama mwendawazimu. Kisha akasimama akaparamia ule ukuta wa korongo kama mbuzi.

Namsifu alikuwa kwenye ubao wa jiwe katikati ya ukingo, mguu mmoja umevunjika chini ya goti. Sweta alikuwa amelipata. Alikuwa amelichana kwa meno akaufunga mguu nalo. Mwalimu alishuka kwa kamba kutoka juu, tukaligeuza turubai kuwa machela kwa kulitoboa kwa kisu pande zote mbili, tukapitisha miti miwili, tukampandisha hadi njiani. Mwalimu Likwata alikuwa anaongea na jiwe, anaongea na kamba, anamshukuru kila mtu, hadi mimi wa masufuria akanishukuru mara ambazo hazikuwa na maana.

Nakunda alikuwa amesimama pembeni pale njiani. Hakuthubutu kusogea. Namsifu akamwita kutoka kwenye machela.

"Nakunda, njoo hapa."

Akaja, kamasi na machozi vimechanganyika.

"Nilikusikia," Namsifu akasema.

"Ulinisikia wapi?"

"Mlipopumzika hapa juu. Nilikuwa nimeshakuwa karibu, nakimbilia sauti zenu, ndipo nikateleza. Pumzi ikaniisha, nikawa siwezi hata kulia. Nikamsikia mwalimu anaita majina. Nikasema moyoni, ngoja, jina langu likifika, atanyamaza asikilize, na mimi nitakuwa nimepata pumzi. Likafika. 'Namsifu Kajiru.' Nikafungua mdomo. Nikasikia nimeshaitika."

Nakunda akajifunika uso kwa mikono.

"Kisha akaita jina lililofuata. Nikajua basi, hawatafuti mtu. Nikapiga kelele, ninyi mkaanza kuimba."

Nakunda alianguka juu yake akalia hadi Namsifu akapiga ukelele. "Mguu! Unanilalia mguu, wewe!" Hapo ndipo wote tukacheka, kicheko kile cha mtu aliyetoa kichwa nje ya maji. Namsifu akamshika Nakunda sikio akalisokota. "Na kwanza mimi silii vile. Kifaranga gani ana sauti ya bata?"

Mzee Sekimanga alikuwa ameegemea fimbo yake. Akasema, si kwa mtu yeyote, kama anayejihukumu: "Kumbe aitikiwaye hatafutwi."

Mzee Kajiru akarudia, "Aitikiwaye hatafutwi." Mwalimu naye akarudia, kwa lafudhi yake ya Kusini. Tulipofika kijijini, waliotungoja walikuwa wameshaisikia kwa waliotangulia kukimbia na habari njema, na kesho yake wanawake walikuwa wakiambiana kisimani. Tangu hapo, kwenye msaragambo, kila mtu anaitikia pumzi yake mwenyewe, si ya jirani. Mume wako akiwa amelala, sema amelala. Anakosa maji? Akose, lakini tunajua alipo. Na wengine, baada ya kusema kweli, tuligundua kwamba walikuwa hawajalala. Walikuwa wagonjwa wa kufa na tulikuwa tunawaitikia "yupo" wiki baada ya wiki.

Nakunda hajamwitikia mtu tena. Hata mumewe alipokuwa hai, ukibisha hodi ukauliza kama yupo, alikuwa anakwambia, "Muulize mwenyewe." Ndiyo maana asubuhi alisimamisha jembe. Hakukutania, Eliamani. Nenda kamwangalie kaka yako, usiseme tu amelala. Nenda umwone.

Sasa gharama yake. Wengine husimulia habari hii hadi kwenye kicheko wakaishia hapo, lakini ilikuwa na gharama, nami niliiona.

Ndiva nzima ya maji. Yalitoka yote kupitia mlango tuliouacha wazi, yakabomoa matuta ya Mzee Kajiru, yakabeba udongo wake mweusi, yakaishia mtoni. Maharage ya upande wa chini yalikauka na maua yake, na msimu ule nyumba za chini zilikula viazi vya kuomba kwa nyumba za juu. Turubai la shule, lililotobolewa. Sweta la Mbazi, na mama yao hakuliuliza hata siku moja. Sufuria moja ya ugali iliyotoboka chini juu ya moto, mpishi akiwa anateremka mlima. Kilele, ambacho kidato kile hakikukiona. Waliokuja mwaka uliofuata ndio waliokiona, na mwalimu aliwaita majina mmoja mmoja huku amemshika kila mtu bega. Mguu wa Namsifu: siku hizi yuko Hedaru, ana duka la vitambaa, na akipanda huku wakati wa baridi utamwona anauburuta.

Hivyo ndivyo vilivyokwenda. Mtoto hayumo katika hesabu hiyo. Mtoto tulirudi naye, kwa sababu mara moja tu, jina lake lilipoitwa, watu wote walinyamaza.

Aitikiwaye hatafutwi.